Wote Waliona Steki, Hakuna Aliyesikia Kachumbari

Klipu yenyewe ina dakika moja na sekunde kadhaa tu. Staa wa kike wa bongo muvi, ambaye jina halitajwi hapa kwa sababu anayemjua anamjua na asiyemjua hana hasara, amesimama jikoni kwake Mbezi Beach. Kucha ndefu, wigi jipya, mbele yake mabakuli mawili ya chuma yanang'aa. Bakuli la kwanza lina steki mbichi, mapande makubwa ya damudamu. La pili lina steki hiyo hiyo na ini, halafu juu yake yai bichi limepasuliwa na maganda yake. Chini wanasubiri mbwa wawili, Boerboel mkubwa kama ndama na mtoto wa German Shepherd ambaye sikio moja limesimama na lingine bado limelala. Maneno aliyoandika chini ya klipu: wanangu hawajui ugali, wanakula kama simba.

Mji ukawaka.

"Mbwa anakula steki, mimi mwezi wa pili huu nyama naijua kwa harufu ya jirani," aliandika mmoja. Mwingine akaomba kazi kabisa: "Dada nichukue mimi, nabweka vizuri tu." Kuna waliomuombea laana, kuna waliomkumbusha mayatima, kuna waliosema ni kiki ya muvi inayotoka mwezi ujao. Wa upande wake nao hawakulala, eti wenye wivu wakanywe maji. Kurasa za umbea zikachukua klipu, zikaikata, zikaweka muziki wa huzuni. Siku ya tatu mwenyewe akaingia laivu akiwa kwenye gari, akasema maneno machache tu: "Hela yangu, mbwa wangu, povu la nini?"

Kwenye hilo la hela, dada wa watu yuko sahihi asilimia mia. Kilo ya steki mjini sasa hivi ni zaidi ya elfu kumi, na nyumba nyingi nyama ni ya Jumapili au ya mgeni, kwa hiyo machungu ya watu yanaeleweka. Lakini mtu yule yule akinunua wigi la laki kadhaa hakuna anayemuuliza mayatima wamekula nini. Akifungua shampeni kumi usiku mmoja wanampigia makofi. Mbwa ndiye ameonekana mharibifu kwa sababu ni mbwa, yule wa kurushiwa mfupa dirishani. Mtu aliyeamua kumpenda mnyama wake na kumlisha vizuri hajamuibia mtu. Hapo povu lilikuwa la bure.

Tatizo ni kwamba wakati watu wote macho yako kwenye steki, masikio yalikuwa yamelala. Klipu hiyo ikifika katikati, sauti ya msichana wa kazi inasikika pembeni ya kamera, taratibu, kwa adabu ile ya mtu asiyetaka kuharibu video: "Dada, hiki kibao nikatie na kachumbari?" Na staa anajibu bila kugeuka: "Suuza tu ukatie, wageni wanafika."

Kibao hicho ndicho kilichokatiwa ini na steki ya mbwa dakika tano nyuma. Damu bado inaonekana ukingoni. Kachumbari haipikwi. Nyanya, kitunguu, pilipili, chumvi, ndimu, mezani. Sekunde chache baadaye mtoto mdogo wa staa anatambaa mpaka kwa yule Boerboel aliyemaliza kula, mbwa anamlamba uso mzima, mtoto anacheka, na watu maelfu wakaweka makopa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya kibao.

Mtindo huu haukuanzia Mbezi Beach, wala hao mastaa wa nje wanaoigwa sio walioubuni. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia anayeitwa Ian Billinghurst alitoa kitabu, Give Your Dog a Bone, akisema mbwa wa kisasa anaumwa kwa sababu analishwa vyakula vya mifuko vilivyojaa nafaka, na kwamba arudishwe kwenye chakula cha babu zake, mbwa mwitu. Kitabu kilipata wafuasi wengi Australia, Uingereza, Marekani, na leo kuna makampuni yanayouza nyama mbichi ya mbwa iliyosagwa na kugandishwa kwenye pakiti, mtu anaagiza kama pizza. Ila hata huyo mwenye kitabu hakusema mpe mbwa steki basi. Alizungumzia mifupa mibichi yenye nyama, viungo vya ndani kwa kiasi, na mboga. Kilichofika kwetu Bongo ni picha tu ya bakuli jekundu. Hesabu ilibaki njiani.

Na hiyo hoja ya mbwa mwitu inasikika tamu lakini ina tundu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na wa chuo kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature, walikuwa wamelinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu. Wakakuta mbwa mwitu ana nakala mbili tu za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa wa nyumbani ana kuanzia nne mpaka karibu thelathini. Maana yake kwa Kiswahili cha mtaani ni kwamba mbwa amekaa na binadamu akila makombo ya binadamu muda mrefu mpaka tumbo lake limebadilika. Mbwa anaujua ugali. Ameujua kabla hata ya staa kuzaliwa. (Na simba ni jamii ya paka, lakini hilo lisameheke.)

Haki itendeke, wanaolisha mbichi hawasemi uongo mtupu. Mbwa akipewa nyama mbichi anakula kwa furaha ambayo ukimwekea chakula kikavu cha mfuko huioni. Kinyesi kinakuwa kidogo na kigumu, na yeyote anayefagia uwanja asubuhi anajua thamani ya hilo. Hicho chakula cha mfuko nacho sio malaika. Mwaka 2012 Marekani na Kanada watu 49 waliugua salmonela iliyofuatiliwa mpaka kwenye chakula kikavu cha mbwa cha kiwanda kimoja. Kwa hiyo asije mtu hapa akadhani mfuko wenye picha ya mbwa anayecheka ndiyo wokovu.

Lakini ukilinganisha, kibichi kinaongoza kwa mbali. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, katika uchunguzi uliofanyika kati ya 2010 na 2012 ilipima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani, kile cha kiwandani, kilichofungwa vizuri kabisa. Sampuli 15 zilikutwa na salmonela na 32 zilikutwa na listeria. Listeria ndiyo ile inayoweza kumfanya mjamzito apoteze mimba. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kikatoa msimamo wa kuwashauri watu wasiwape mbwa na paka nyama mbichi. Na sababu kubwa waliyoiweka mbele haikuwa tumbo la mbwa peke yake, ilikuwa pia watu wanaoishi naye.

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa chenga. Mwenye mbwa anasema, "Mbona wangu anakula mwaka wa pili huu na hajaharisha?" Kweli, anaweza asiharishe. Tumbo la mbwa lina tindikali kali na utumbo wake ni mfupi, bakteria wengi wanapita bila kumsumbua. Wanapita, ndiyo neno lenyewe. Wanatoka na kinyesi, wanabaki mdomoni, kwenye manyoya ya kidevu, kwenye bakuli, kwenye sakafu alipoburuta pande la nyama. Mbwa mzima wa afya anaweza kubeba salmonela wiki kadhaa akiwa anarukaruka kama kawaida, halafu anayelazwa ni mtoto wa mwaka mmoja aliyelambwa uso. Au bibi aliyekuja kusalimia kutoka Korogwe. Au msichana wa kazi ambaye akiharisha siku mbili ataambiwa anajifanya mgonjwa ili aende kwao.

Kuna wanaojibu kwamba wanagandisha kwanza kwenye friza. Friza ya nyumbani inawalaza bakteria, haiwaui. Nyama ikiyeyuka nao wanaamka.

Fikiria pia nyama ya mjini inavyotembea. Ng'ombe kachinjwa usiku machinjioni, Vingunguti au kwingine, alfajiri amepakiwa, asubuhi ananing'inia buchani, mchana bado ananing'inia na jua la Dar linajulikana. Mbona Wabongo hawafi kila siku? Kwa sababu ya sufuria. Mama wa Kiswahili anachemsha nyama mpaka mfupa unaachia, halafu anaiunga, halafu anaipasha jioni. Hata mgeni akisema anapenda steki yenye damu ndani anaangaliwa kwa huruma. Huo ndio ulinzi wenyewe wa nchi hii, moto. Sasa anayemlisha mbwa nyama mbichi ya bucha hiyo hiyo amechukua kila kitu isipokuwa moto. Hao Wazungu anaowaiga wana gari lenye baridi kutoka kiwandani mpaka mlangoni, na bado sampuli zao zilifeli.

Wazee wa Pwani nao walikuwa na lao. Chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hao walikuwa wanafuata dini yao, hawakuhitaji maabara, lakini hakuna nyumba ya namna hiyo ambayo kibao cha mbwa kingekatiwa kachumbari.

Mbaya zaidi sio kwa staa. Steki ya staa imenunuliwa dukani kwenye kiyoyozi, ina mhuri wa mkaguzi, na akiugua mtu ana bima. Mbaya ni kwa wanaomuiga. Kijana wa Mbagala aliyenunua mbwa wake kwa kudunduliza hana hela ya steki, kwa hiyo anatafuta nyama mbichi ya bei ya mbwa. Ananunua pupu, bandama, ini lililokataliwa, utumbo, vile vipande ambavyo mwenye bucha anaviweka kwenye ndoo chini ya meza na vingine havijulikani vimetokea wapi. Zamani kijana huyo alikuwa anavitia kwenye debe na unga wa dona, anachemsha nje kwenye kuni, harufu mtaa mzima. Mbwa walikuwa wanakula vizuri tu. Sasa ameona klipu. Kupika imekuwa ushamba.

Kuna mnyoo mmoja wa jamii ya tegu ambao watu wa mjini hawaujui lakini wafugaji wanaujua kwa machungu. Una urefu wa milimita chache tu, unaishi kwenye utumbo wa mbwa na mbwa hana habari. Mayai yake yanatoka na kinyesi na mengine yanashika kwenye manyoya. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akila majani yenye mayai hayo, ndani ya ini na mapafu yake yanaota malengelenge yaliyojaa maji. Mbwa akipewa ini hilo au pupu hilo likiwa bichi, mnyoo unakua tena ndani yake na mzunguko unaendelea. Binadamu anaingia hapo kwa bahati mbaya. Mtoto anamshika mbwa, anatia vidole mdomoni, anameza mayai, na lengelenge linaanza kuota kwenye ini lake au pafu lake, pole pole, miaka mingi bila dalili, mpaka siku tumbo limevimba na daktari anasema upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni moja ya sehemu zilizojulikana duniani kwa kuumizwa sana na ugonjwa huu, kule ambako mbwa na watoto wanaishi pamoja usiku na mchana. Jamii za wafugaji Tanzania nazo zimeuona.

Ndiyo maana mkaguzi wa nyama akikuta ini lina malengelenge analikata na kulitupa, na ndiyo maana inatakiwa litupwe mahali ambapo mbwa hafiki. Lile pupu la ndoo ya chini ya meza, lisilo na mhuri, ndilo lilitakiwa liwe huko. Ukilichemsha nusu saa kamili mnyoo unakufa na habari inaisha. Nusu saa ya kuni. Hicho ndicho kijana wa Mbagala alichoambiwa ni ushamba.

Halafu yupo yule mtoto wa German Shepherd. Kwenye klipu watu walimsifia sana, eti anakula kama mtu mzima. Wafugaji wa mbwa mjini wanazijua hadithi za watoto wa mbwa wakubwa waliolelewa kwa nyama tupu. Kuna kijana mmoja wa Tabata alimnunua wake akiwa na miezi miwili, akaapa hatamuonjesha ugali. Miezi miwili mingine mbele mbwa ana shingo nene, manyoya yanang'aa, lakini miguu ya mbele imepinda kama upinde na akitembea analia. Mwenyewe alidhani kapigwa na mlinzi, nusura amfukuze baba wa watu kazi.

Daktari wa mifugo aliyeitwa hakuuliza mambo ya mlinzi. Aliuliza swali moja: "Anakula nini?"

"Nyama tu, daktari. Nyama safi kabisa."

"Ndiyo ugonjwa wake huo."

Nyama tupu isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi, zaidi ya mara kumi ya kalsiamu iliyomo. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji hizo mbili zikaribiane, kalsiamu ikizidi kidogo. Asipoipata kwenye chakula, mwili unakwenda kuichukua mahali pekee ilipo, kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inalainika, inapinda, mwingine anavunjika mguu kwa kuruka ngazi mbili tu. Yule wa Tabata aliwahi kabla hajavunjika. Alibadilishiwa chakula, akapangiwa kalsiamu ya kipimo, akasimama, ila ule upinde wa miguu hakuumaliza. Na dawa sio kumwagia unga wa mifupa kwa kukisia, maana kwa mbwa wa mbegu kubwa kalsiamu ikizidi nayo inaharibu mifupa. Inataka mtu aliyesomea, na SUA kule Morogoro wanasomeshwa madaktari wa mifugo kila mwaka, sio kwamba hawapo. Ila mtu yuko radhi amlipe mpiga picha wa mbwa kuliko daktari wa mbwa.

Sababu nyingine inayowafanya wengi mtaani wapende nyama mbichi haihusiani na afya kabisa. Inaaminika kwamba mbwa akionja damu anakuwa mkali, mwizi hasogei. Hii imani ipo toka zamani na wauza mbwa wanaipalilia. Ukweli ni kwamba ukali wa mbwa unatokana na mbegu yake, malezi yake na namna anavyotendewa. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa na kurushiwa mawe atang'ata hata akilishwa maandazi. Na aliyezoeshwa watu toka mdogo atakula nyama mbichi miaka kumi na bado akiona mgeni anatikisa mkia. Kichaa cha mbwa ndiyo kabisa, hicho ni kirusi, na karibu mara zote mtu anakipata kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa. Kinga yake ni sindano ya chanjo. Kwenye klipu zote za staa huyu, na ni nyingi, kuna kola za vito, kuna keki ya bethidei ya mbwa, kuna mpaka kiti cha mbwa kwenye gari. Kadi ya chanjo haijawahi kuonekana. Labda ipo. Ingependeza nayo ipate makopa.

Kwa hiyo anayetaka mbwa wake ale vizuri afanyeje? Majibu yako jikoni na hayana gharama ya ajabu. Nyama, ini, pupu, vichwa vya dagaa, vyote ni chakula kizuri cha mbwa vikipita kwenye moto. Mifupa ndiyo kinyume chake, mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha na umeshatoboa matumbo ya mbwa wengi, kwa hiyo nyama itolewe mfupani kabla ya kuwekwa kwenye bakuli. Na lile pilau la jana lisimwagiwe mbwa hivi hivi, kwa sababu vitunguu, viwe vibichi au vimepikwa, vinaharibu damu yake. Dawa ya minyoo, hasa ile ya tegu, apewe kwa ratiba ya daktari. Na kama mtu kasoma kila kitu, kaelewa, na bado anataka kulisha mbichi, basi anunue kibao kingine. Kibao cha mbao pale Kariakoo hakifiki hata nusu ya bei ya kilo ya steki. Kibao chake, kisu chake, bakuli lioshewe nje kwa sabuni na maji ya moto, lisiwekwe kwenye sinki moja na chupa ya mtoto, na anayeosha apewe glovu.

Anayeosha. Kwenye mjadala wote ule wa siku tatu, maelfu ya watu wakitoleana povu kuhusu nani ana haki ya kula steki, anayeshika steki yenyewe hakutajwa. Sio staa anayekata. Kucha zile hazikati ini. Anayekata ni binti wa watu mwenye miaka kumi na tisa, ishirini, ambaye ndiye anapika, ndiye anamlisha mtoto, ndiye anafuta sakafu ya damu na kitambaa, na jioni ndiye anakatakata kachumbari ya wageni. Akiambiwa nyama ya mbwa isipikwe kwa sababu mtaalamu wa Instagram kasema, hapiki. Angekuwa na la kusema angelisema wapi? Na ajabu ni kwamba katika nyumba nzima ile, mwenye wasiwasi na kibao alikuwa yeye. Aliuliza. Hakusoma FDA, hakusoma Nature, aliona damu kwenye mbao na nyanya mkononi, akili ikamwambia kuna kitu hakiko sawa. Akajibiwa asuuze.

Wale waliokuwa wanaandika "dada nichukue mimi nibweke" walikuwa wanatania kuhusu kula na mbwa bakuli moja. Wageni wa jioni ile walikuwa wanakula na mbwa kibao kimoja, na walipigwa picha wakitabasamu, sahani ya kachumbari katikati ya meza.

Juzi staa kaweka klipu ya pili kuwajibu wenye povu. Safari hii kaja na risiti ya nyama, kaisogeza kwenye kamera mpaka bei inasomeka, anacheka, mbwa wanabweka nyuma. Maoni yamejaa tena, wengi wanabishana kama risiti ni ya kweli au imeeditiwa. Nyuma yake, kwenye kaunta, karibu na chupa ya maziwa ya mtoto, kibao ni kile kile. Juu yake kuna nusu nyanya.